"Ya Bima au ya Mfukoni?" Mwongozo Kamili wa Kuukwepa Upigaji wa Bima ya Gari na Gharama Zake

Ukiingiza gari lililogongwa kwenye gereji za Dar es Salaam, swali la kwanza mara nyingi halihusu gari. Fundi anazunguka mara moja, anagusa fenda kwa kidole, halafu anauliza: "Bosi, hii ya bima au ya mfukoni?"

Jibu lako ndilo linalopanga bei.

Nimekuwa wakala wa bima kwa miaka tisa na swali hilo nimelisikia hadi limeota sugu masikioni. Siku moja nilimsindikiza mteja wangu, mama mwalimu, gari lake Toyota IST limeumia mbele upande wa kushoto. Fundi akachukua karatasi mbili. Kwenye ya kwanza akaandika: taa iliyotumika kutoka maduka ya spea ya Gerezani 150,000, kunyoosha fenda na kupiga puti na rangi 120,000, kuziba bampa na kulipaka rangi 80,000. Jumla 350,000. Kwenye ya pili: taa mpya 480,000, fenda mpya 300,000, bampa jipya 350,000, rangi 250,000, "mengineyo" 120,000. Jumla 1,500,000. Gari lile lile, kazi ile ile. Angetengeneza kwa karatasi ya kwanza na kudai kwa karatasi ya pili.

"Tunagawana, mama," akasema. "Kwani unamuibia nani? Bima wana hela."

Mama akanitazama. Ukweli ni kwamba hakuwa mwizi, wala fundi hakuwa jambazi wa kuogopwa usiku. Upigaji mwingi wa bima ya gari unaanza hivi, kwa cha juu, yaani hela inayoongezwa juu ya bei halisi, kinachopendekezwa na mtu mwenye tabasamu, wala si kwa genge linalopanga ajali. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu aliyesimama pale aliposimama yule mama, na kwa yule anayelipa ada kila mwaka bila kudai chochote, akashangaa kwa nini haipungui.

Kwanza tuulize: hela za bima ni za nani?

Gari binafsi kwa bima kubwa, ile inayolilinda hata gari lako mwenyewe, Tanzania kwa kawaida hukatiwa kwa asilimia 3.5 ya thamani yake. Gari la milioni 20 litalipa 700,000, ongeza VAT ya asilimia 18, yaani 126,000, unafika 826,000. Bima ndogo, ile inayomlinda mtu mwingine utakayemgonga, watu wameizoea kwa jina la "laki moja na kumi na nane": 100,000 ya ada na 18,000 ya VAT.

Sasa chukua mfano wa kubuni, hesabu ya kwenye daftari tu. Magari 1,000 yamelipa 700,000 kila moja. Chungu kina milioni 700. Mwaka ule magari 60 yanapata ajali za kweli, wastani wa milioni 6 kila moja: milioni 360. Kinachobaki kinalipa kamisheni yetu sisi mawakala, mishahara, ofisi, bima mtawanyo (bima ambayo kampuni ya bima yenyewe inajikatia), na kampuni inapata chochote. Mambo yako sawa.

Weka cha juu. Kila mmoja wa wale 60 anaongeza milioni 1 tu, ya kugawana na fundi. Hiyo ni milioni 60. Halafu ongeza magari matano "yaliyoibwa" ambayo kwa kweli yameuzwa vipande vipande, kila moja milioni 18. Hiyo ni milioni 90. Madai yamepanda kutoka milioni 360 hadi 510. Kabla, kati ya kila shilingi 100 iliyolipwa, 51 zilirudi kwenye madai. Sasa ni 73. Tofauti ya milioni 150 ukiigawa kwa magari yote 1,000, kila mwenye gari amechangia 150,000. Huyo ni pamoja na bibi wa Mbezi ambaye gari lake linatoka Jumapili kwenda kanisani na kurudi.

Hapo ndipo wengine huniuliza: mbona viwango vya chini vinasimamiwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima? Kama bei haibadiliki kila mwezi, upigaji unanigusaje?

Unakugusa kwa mlango wa nyuma. Unakwenda kuomba punguzo kwa sababu miaka mitatu hujadai, unaambiwa haliwezekani. Kiasi cha kwanza cha hasara unachotakiwa kubeba mwenyewe kinaongezwa. Gari la aina fulani linakataliwa bima kubwa, au unaambiwa funga kifaa cha kulifuatilia kwa gharama zako. Zaidi ya yote, unalipa kwa muda wako. Dai la kweli linachunguzwa kana kwamba ni la uongo, kwa sababu matatu yaliyopita yalikuwa ya uongo. Mteja anayezungushwa wiki sita kwa taa na bampa anailaani kampuni, na mara nyingine anastahili kuilaani, lakini sehemu ya foleni ile imepangwa na watu asiowajua.

Kwa wenzetu ambao ada inapanda na kushuka na soko, maumivu yanaonekana waziwazi. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, limekuwa likikadiria kwamba udanganyifu wa bima zote zisizo za afya unaigharimu familia ya kawaida kule kati ya dola 400 na 700 kwa mwaka kupitia ada.

Twende sasa kwenye hatua.

Hatua ya 1: Nunua bima, usinunue stika

Kosa la kwanza hufanyika kabla gari halijatembea. Kuna watu wanadhani wanachonunua ni stika ya kumwonyesha trafiki. Kishoka, yaani wakala wa mtaani asiye halali, anaijua akili hiyo. Anakaa karibu na maegesho au anakutafuta WhatsApp: "Kaka, bima ndogo elfu 70, nakuletea ulipo." Jiulize amepataje kushuka chini ya ada iliyokwisha kupangwa. Ama anakupa karatasi iliyochapishwa kwenye duka la steshenari, ama ameliandikisha gari lako kama chombo kingine chenye ada ndogo, ama amekukatia mwezi mmoja huku karatasi yako ikisoma mwaka. Vyovyote iwavyo, siku ukimgonga mtu utajikuta peke yako, na sheria inakuhesabu kama uliyeendesha bila bima.

Kujua ukweli hakuchukui hata dakika mbili. TIRA ina mfumo wa kuhakiki kwenye intaneti, TIRA MIS. Ingiza namba ya usajili ya gari au namba ya stika. Usitosheke kuona neno la kwamba bima ipo. Soma jina la kampuni, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kisha chukua hati yako ya bima na uilinganishe na kadi ya gari: namba ya chesesi, aina ya gari, matumizi, idadi ya viti. Herufi moja ikikosewa, irekebishwe siku hiyo hiyo, maana siku ya dai itageuka ukuta.

Fanya hivyo kabla hujaachana na wakala. Ndiyo, hata mimi wateja wangu nawaambia wanihakiki nikiwa nimesimama mbele yao. Wakala anayekasirika kwa hilo, mwache na hasira zake.

Malipo yaende kwenye akaunti ya kampuni ya bima au kwa njia ya malipo iliyotolewa na kampuni, jina la kampuni litokee kwenye simu yako. Ukituma kwenye namba ya mtu binafsi umempa mkopo usio na riba. Na kwa sheria zetu bima haianzi kwa ahadi: ada kwanza, ulinzi baadaye. Wakala anayekwambia "endesha tu, utalipa mwisho wa mwezi" anakuacha barabarani uchi.

Kama unavuka Tunduma au Namanga na gari, ulizia kadi ya njano ya COMESA, bima inayotambulika ukivuka mpaka, kwa kampuni yako kabla ya safari. Usiitafute kwa vijana wa mpakani.

Hatua ya 2: Jaza fomu kana kwamba itasomwa na adui

Siku ya dai ndiyo siku fomu yako inasomwa kwa mara ya kwanza, na anayeisoma anatafuta tundu. Bima imejengwa juu ya kanuni ya nia njema kabisa: unatakiwa kusema kila jambo la maana unalolijua kuhusu gari na matumizi yake. Mambo matatu ndiyo yanayowaangusha watu.

Matumizi. Gari limekatiwa bima ya binafsi, jioni linapiga kazi ya teksi mtandao. Mwenyewe haoni kosa, "si gari langu?" Lakini gari la biashara liko barabarani muda mrefu zaidi, linabeba watu wa kulipa, na ada yake ni nyingine. Ukigongwa saa tano usiku na abiria nyuma ambaye ana risiti ya safari kwenye simu, maelezo yako yote yameisha. Huu nao ni upigaji hata kama haukupangwa gereji.

Thamani. Wapo wanaoipandisha wakidhani gari likiungua watapata faida. Gari la milioni 20 ukiliandika milioni 30 utalipa 1,050,000 badala ya 700,000, na likiteketea kampuni italipa thamani yake ya sokoni siku ile, milioni 20 au chini ya hapo. Umetupa 350,000 kabla ya VAT. Wapo pia wanaoishusha ili ada ipungue. Gari hilo hilo la milioni 20 ukiliandika milioni 10, umejiwekea bima ya nusu. Ukipata uharibifu wa milioni 4, kampuni ina haki ya kukulipa milioni 2, kwa sababu nusu nyingine uliamua kuibeba mwenyewe. Angalia bei za magari kama lako, mwaka huo huo, hali hiyo hiyo, kisha andika bei ya ukweli. Kila mwaka ishushwe kadiri gari linavyochakaa. Watu wengi wanahuisha kwa thamani ya miaka minne iliyopita na hakuna anayewakumbusha. Sisi mawakala tunalipwa kamisheni kwa asilimia, kwa hiyo msitutegemee sana hapo.

Dereva. Kama kijana wako wa miaka 20 ndiye anayeendesha siku nyingi, sema. Madereva wa kwenye makaratasi ni ugonjwa wa kwao peke yake, nitaurudia.

Hatua ya 3: Lipige gari picha likiwa zima

Siku unayokata bima, piga picha pande zote nne, kioo cha mbele, namba ya chesesi, na dashibodi ikionyesha kilomita. Jitumie kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Moja ya michezo ya zamani kabisa ni kukata bima baada ya ajali: gari linagongwa Jumamosi, bima inakatwa Jumatatu, "ajali" inaripotiwa Jumatano. Zamani, stika za karatasi ziliporuhusu kuandikwa tarehe ya nyuma kwa kalamu, ulikuwa mchezo wa watoto. Stika za kielektroniki zimeubana, maana mfumo unashika hadi saa iliyotolewa. Ndiyo maana dai linalokuja siku chache baada ya bima kuanza hukaguliwa kwa tochi. Likikutokea kwa bahati mbaya, picha zako ndizo zitakazosema gari lilikuwa zima.

Ndani ya gari weka kalamu, karatasi, na namba ya simu ya kitengo cha madai. Kamera ya dashibodi ukiweza.

Hatua ya 4: Nusu saa ya kwanza baada ya ajali

Msaada kwa majeruhi kwanza. Hilo halina mjadala. Kisha:

Usisogeze gari kabla ya trafiki kufika na kuchora, isipokuwa yeye au usalama wa watu ukikulazimu; na ukilazimika, piga picha kwanza. Picha ya mbali inayoonyesha barabara nzima, ya kati inayoonyesha magari yalivyokaa, ya karibu inayoonyesha mikwaruzo. Hiyo ya karibu ndiyo kila mtu anaipiga, na ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote.

Hesabu watu. Hesabu kweli, kwa kidole, kisha andika: daladala ilikuwa na abiria wangapi, gari dogo lilikuwa na wangapi, nani ameumia wapi. Abiria hewa huzaliwa kati ya eneo la ajali na hospitali. Waliokuwa wawili wanakuwa watano, kila mmoja na PF3 yake, ile fomu ya polisi ya matibabu, na shingo inayouma. Picha moja ya ndani ya gari jingine, au jina la shahidi aliyekuwa akiuza mihogo pembeni, huvunja hadithi hiyo.

Chukua leseni ya dereva mwenzako, namba ya gari, na umhakiki bima yake hapo hapo kwenye simu.

Usikiri kosa wala usiahidi malipo. Mikataba mingi inakukataza kabisa kukubali lawama kwa niaba ya kampuni. Na ule utamaduni wetu wa "tumalizane hapa hapa, kaka" una sumu. Unampa mtu 200,000 taslimu, mnapeana mikono, wiki mbili baadaye anaibuka na dai la bega lililoteguka; wewe huna ripoti ya polisi na kampuni yako haikujua kitu. Kama mkwaruzo ni mdogo kweli na mmekubaliana, andikianeni karatasi, mtie saini wote wawili, mtaje kwamba hakuna aliyeumia, na kampuni uijulishe hata kama hudai.

Kampuni ipigiwe siku hiyo hiyo. Simulia kilichotokea kama kilivyotokea, hata sehemu zinazokuaibisha. "Nilikuwa naangalia simu" ni sentensi inayouma, lakini bima kubwa inalipa uzembe wa kawaida wa binadamu. Uongo ndio usiolipwa.

Na hapa tuwarudie madereva wa kwenye makaratasi. Aliyekuwa kwenye usukani hana leseni, au amelewa. Simu inapigwa, shemeji mwenye leseni anakuja na bodaboda, anakaa kwenye kiti cha dereva, anangoja trafiki. Nimeona hadithi hiyo ikianguka kwa kitu kidogo kiasi cha kuchekesha: mkaguzi aliuliza shemeji ana urefu gani, kisha akatazama kiti kilivyosogezwa mbele. Mwenye gari alikuwa mfupi. Shemeji magoti yake yangegusa masikio.

Hatua ya 5: Gereji, uwanja wenyewe

Utaratibu wa kawaida ni huu: unaripoti, unajaza fomu ya madai, unaleta ripoti ya polisi, leseni, kadi ya gari, kampuni inamtuma mkadiriaji wa hasara kuliona gari, gereji inaandika makadirio, kampuni inaidhinisha, kazi inaanza. Kila kiungo cha mnyororo huo kinaweza kutoa cha juu. Mkadiriaji naye ni binadamu, na kuna wanaokula na gereji.

Kwa hiyo ukiulizwa swali la ya bima au ya mfukoni, jibu: "Niandikie bei ya kazi." Rudia hivyo hivyo kama kasuku. Chukua makadirio ya gereji mbili au tatu kabla ya kutaja bima popote.

Dai karatasi inayotenganisha kila kitu: spea hii, mpya au iliyotumika, bei yake, kazi hii, saa au siku, bei yake. Neno "mengineyo" lifutwe au lifafanuliwe. Mstari unaosema "kutengeneza mbele, 900,000" haujaandikwa kwa ajili yako.

Kama makadirio yanasema taa mpya, uione ikiwa kwenye boksi lake kabla haijafungwa, na uombe taa ya zamani irudishwe kwako au kwa kampuni. Hii pekee inaua nusu ya michezo. Taa iliyotumika ina dalili: mikwaruzo midogo kwenye plastiki, vumbi ndani, vishikio vilivyoungwa gundi, mara nyingine hata alama ya kalamu nyeupe ya duka la Gerezani. Bampa lililozibwa likipakwa rangi mpya hung'aa kama jipya kwa nje. Pitisha mkono kwa ndani, utaikuta mishono.

Tazama pia vinavyobadilishwa visivyohitaji kubadilishwa. Gari limegongwa nyuma, karatasi ina rejeta. Uliza kwa sauti, mbele ya watu.

Gari likikamilika, usitie saini ya kuridhika kabla ya kulizungusha, kuwasha taa zote, na kulijaribu barabarani. Saini hiyo ndiyo inayotoa malipo.

Usisahau: cha juu kina hasara yake kwako moja kwa moja, acha hiyo ya chungu. Gereji iliyolipwa 1,500,000 kwa kazi ya 350,000 imekuacha na gari la 350,000. Fundi anapata mgawo mnono, wewe unapata noti chache na taa itakayoingiza maji masika ijayo. Na jina lako limeandikwa: mwenye gari hili amedai milioni moja na nusu. Mwakani ukiomba punguzo, namba hiyo ndiyo itakayokujibu.

Yule mama mwalimu? Alichagua karatasi ya kwanza, akalipa mfukoni. Kiasi cha kubeba mwenyewe kwenye bima yake kilikuwa karibu sawa na bei ya matengenezo, kwa hiyo kudai kusingemwongezea kitu zaidi ya doa kwenye kumbukumbu. Fundi alinuna hadi tulipoondoka.

Hatua ya 6: Ukiletewa dili

Dili huja na maneno laini. "Gari lako limechoka, lipotee tu." "Nina mtu polisi." "Tunasema lilikuwa limepaki." Kabla hujajibu, elewa mambo mawili.

La kwanza ni sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, kujipatia mali kwa udanganyifu, adhabu yake inafika kifungo cha miaka 7. Kughushi ripoti ni kosa jingine juu yake. Aliyekuletea dili hatakuwa na saini yake popote. Fomu ya madai ina saini yako.

La pili, gari "lililoibwa" lina tabia ya kuonekana. Injini inauzwa, mwenye nayo anakwenda kuisajili, namba inasoma. Funguo ya pili haipo na hakuna anayeeleza ilikokwenda. Simu yako usiku wa wizi ilikuwa mahali pasipolingana na maelezo. Wachunguzi wa bima si malaika wa akili, lakini wana muda, na wewe utaikumbuka hadithi yako vibaya mara ya tatu ukiulizwa.

Kataa kwa maneno machache. Usijadiliane. Kama anayekushawishi ni wakala au mtumishi wa kampuni, weka ujumbe wake, upeleke kwa kampuni yenyewe au TIRA.

Hatua ya 7: Unaponunua gari la mkononi

Kwa kifupi. Gari lililolipwa na bima kama limeharibika kabisa huuzwa kama mabaki, na hilo ni halali. Upigaji huanza pale kadi na chesesi ya mabaki zinapovishwa gari jingine, au bodi mbili zinapounganishwa kuwa moja. Angalia namba ya chesesi kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye kadi tu. Kucha ikishika mshono wa kuchomelea karibu na namba, ondoka. Muulize muuzaji historia ya bima na madai. Akigugumia, una jibu.

Hatua ya 8: Dai lako ni la kweli na bado limekwama

Hili nalo lisemwe, maana kampuni nyingine zimegeuza neno "uchunguzi" kuwa kabati la kufungia madai. Mdai halali ana haki zake. Andika barua, usitegemee simu. Taja tarehe uliyoripoti, nyaraka ulizowasilisha, na uombe jibu la maandishi: kinasubiriwa nini, na kutoka kwa nani. Wakikataa dai, waeleze ni kipengele gani cha mkataba. Kisha soma kipengele hicho mwenyewe. Mara nyingi utakuta kinasema kingine.

Jibu lisiporidhisha, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya 2009 ili mteja asilazimike kukimbilia mahakamani kwa kila mgogoro. TIRA nayo hupokea malalamiko. Peleka nakala, asili ubaki nazo.

Na ukishukiwa kudanganya ilhali hukudanganya, usijibu kwa matusi. Jibu kwa picha za Hatua ya 3.

Kwa mlioko Kenya na Uingereza

Kenya bima ya mtu wa tatu inaendeshwa chini ya Sura ya 405, vyeti vimehamia kwenye mfumo wa kidijitali, na tangu 2011 kuna kitengo maalum cha kuchunguza udanganyifu wa bima kinachofanya kazi na mamlaka ya bima na polisi. Tatizo kubwa la kule ni madai ya majeruhi wa matatu, yaani daladala za kule. Hesabu ya abiria kwenye Hatua ya 4 kwenu ndiyo moyo wa jambo, pamoja na kuhakikisha abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ripoti ya ajali, inalingana na kitabu cha matukio cha kituo.

Uingereza, jihadharini na madalali hewa wanaouza bima Instagram na WhatsApp, mara nyingi wakiwalenga wageni na vijana ambao ada zao ni kubwa. Polisi wa City of London wana kikosi cha bima tangu 2012. Ukikutwa bila bima ya kweli, hata kama ulilipa, faini ya papo hapo ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, na gari linaweza kuchukuliwa. Hakiki gari lako kwenye kanzidata ya bima za magari kabla ya kuliwasha.

Hatua ya 9: Siku ya kuhuisha

Usingoje siku ya mwisho. Wiki tatu kabla bima haijaisha, omba kampuni ikuandikie kumbukumbu ya madai yako: miaka mingapi hujadai. Barua hiyo ipeleke kwa kampuni mbili nyingine na uulize watakupa nini. Kama kiwango cha chini hakiwaruhusu kushusha ada, waombe vingine: kiasi cha kubeba mwenyewe kipungue, huduma ya kuvutwa gari iongezwe, gari la kutumia wakati lako liko gereji. Teremsha thamani iendane na soko. Mwambie wakala matumizi yaliyobadilika, kama kijana amepata leseni au gari limeanza kubeba mzigo wa duka.

Kisha lihakiki tena kwenye mfumo, na uende ukalipige picha upya. Safari hii hakikisha dashibodi imewashwa, kilomita zisomeke.